Injini Ilichemka Chini ya Genge

Anesia hakuwahi kupenda kitu chenye injini. Fundi wa vyuma katika nyumba ile alikuwa mumewe, Nikifor, na kwa miaka mingi Anesia alibaki na nyavu zake, kisu chake cha kupasulia samaki na banda lake la kukaushia samaki kwa moshi, akaridhika. Kisha sukari ikamla Nikifor macho. Ilianza na jicho la kushoto, ikahamia la kulia, mpaka siku moja akakaa mbele ya injini ya mashua iliyofunguliwa, akipapasa sakafuni kutafuta spana aliyokuwa ameishika mwenyewe. Tangu hapo Anesia akawa macho yake, na baadaye akawa mikono yake pia.

"Usiniambie unaona nini," Nikifor alikuwa akimwambia, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Gusa. Mpira wa juu una joto? Wa chini je?"

"Yote mafuta matupu, nimechafuka mpaka kwenye nyusi."

"Sikukuuliza nyusi, mke wangu. Nimeuliza mpira."

Waligombana hivyo kila majira ya joto. Anesia alimwita mwalimu mbaya, naye akamwita mwanafunzi mwenye mdomo, na kati ya matusi hayo injini zikapona. Nikifor alipofariki, wengi kijijini walidhani mjane wake ataiacha sehemu yao ya kutegea nyavu. Hakuiacha. Kila mara samaki wekundu waitwao samoni walipoanza kuingia ghubani, alifunga tela nyuma ya pikipiki yake ya magurudumu manne, akapakia nyavu, unga, majani ya chai na ikoni, picha takatifu ya Mtakatifu Nikolao, iliyofungwa kwa taulo, akaenda kwenye kambi yao ya uvuvi.

Pwani ile ya Alaska haina barabara. Ufuo ndio barabara, na bahari ndiyo inayoifungua na kuifunga. Katikati ya kambi na kijiji lipo genge refu la udongo, limesimama wima, na chini yake mtu hupita maji yakiwa yamekupwa tu. Yakijaa, mawimbi hulipiga genge lenyewe, na udongo unamong'onyoka vipande vikubwa kama majiko. Mwisho wa genge, upande wa kijijini, kuna rasi ya mawe waiitayo Pua la Sili. Ukishaivuka hiyo, unaanza kuona mapaa ya nyumba na msalaba wa kanisa.

Mwaka ule Anesia alikuwa kambini na shemeji yake Evon, mdogo wa Nikifor, mwanamume wa makamo asiye na mke wala haraka ya kumtafuta. Evon alikuwa mchapakazi, lakini mdomo wake ulifanya kazi kuliko mikono. Mwanzoni mwa msimu feni ya rejeta ya pikipiki ilikufa, naye akaenda kung'oa nyingine kwenye mzoga wa pikipiki kuukuu uliotupwa nyuma ya uwanja wa ndege. Plagi hazikulingana, kwa hiyo akazikata, akaunga waya kwa waya, akazungushia tepu. Feni ikazunguka. Ila tangu siku ile taa nyekundu ya joto ilikuwa ikiwaka na kuzimika pikipiki ikivuta mzigo.

"Evon, hii kitu inachemsha," Anesia alimwambia zaidi ya mara moja.

"Feni si inazunguka, shemeji? Unataka ipige na makofi?"

Wakaendelea na kazi, maana samaki walikuwa wengi na hapakuwa na nafasi ya kubishana.

Msimu ulipokuwa ukiisha, asubuhi moja yenye mawingu, walikuwa wakiivuta mashua juu ya magogo ili kuilaza mbali na bahari. Upepo wa kusini ulikuwa umekwisha kuchafua ghuba. Gogo moja liliteleza. Mashua ikarudi nyuma kwa kishindo, na Evon, aliyekuwa amesimama mahali ambapo mtu hapaswi kusimama, akabanwa mguu. Anesia alisikia mfupa wa muundi ukikatika kabla hajasikia yowe.

Aliufunga mguu kwa mbao mbili za kuanikia samaki na kipande cha wavu. Ngozi ilikuwa haijapasuka, lakini mguu ulivimba na vidole vikaanza kuwa na rangi ya maziwa yaliyochacha. Akachukua redio ya mkononi, akamwita Pasha, binti aliyekuwa mhudumu wa zahanati kijijini.

"Vidole vina joto, shangazi?" Pasha aliuliza.

"Baridi."

"Mlete. Sasa hivi. Naita ndege. Mashua hapana, mawimbi yanavunjika mpaka mlangoni kwa watu. Pita ufuoni, lakini usikae hata kunywa chai, maji yamekwisha kugeuka."

Anesia alijua maana yake. Alitandika ngozi ya kulungu ndani ya tela, akamvuta Evon kwa makwapa mpaka akaingia, akamfunika turubai na kumfunga kwa kamba ya nyavu asirushwe nje. Evon alitukana vitu vyote vilivyoko duniani isipokuwa watakatifu.

"Polepole basi!" alipiga kelele pikipiki ilipoondoka.

"Ukitaka polepole, kaa hapa umsubiri dubu akubebe!"

Walivuka mdomo wa kijito, magurudumu yakirusha tope la kijivu, lile laini kama unga uliokandwa, ambalo huingia kila mahali. Kisha genge likaanza kupanda upande wao wa kushoto. Upande wa kulia bahari ilikuwa bado mbali, mstari mweupe unaonguruma. Upepo uliwapiga usoni, mkali kiasi kwamba Anesia aliendesha ameinamisha kichwa. Mchanga ulikuwa laini, tela lilikuwa zito, na injini ililalamika. Taa nyekundu ikawaka. Alingoja izimike kama ilivyozoea. Safari hii haikuzimika. Pua zake zikanusa ile harufu tamutamu ya maji ya rejeta yanapochemka, halafu mvuke ukaanza kutoka chini ya usukani.

Alisimama, akazima injini, akaacha swichi wazi ili feni iendelee.

"Nini tena?" Evon aliuliza kutoka chini ya turubai.

"Imechemka."

"Feni inazunguka?"

"Naisikia."

"Basi itapoa. Twende."

"Tukienda nayo hivi itakwama kabisa. Nyamaza niangalie."

Rejeta ilikuwa imezibwa na tope. Anesia alishukuru kuona vile. Ugonjwa unaoonekana una dawa. Akachukua kijiti, akaanza kukwangua taratibu asije akapinda vile vibati vyembamba. Kutoka kwenye genge maji matamu yalikuwa yakichuruzika, uzi mwembamba tu, akatega kopo la kuchotea maji mashuani. Kopo lilijaa kwa uvivu wa kuudhi. Alikuwa akisimama na kopo lake mguuni pa ukuta ule, akisikia vijiwe vikidondoka kutoka juu, huku akigeuka kila mara kuitazama bahari. Ule mstari mweupe haukuwa mbali tena. Aliona fundo la magugu ya baharini alilokuwa amelipita muda mfupi uliopita likinyanyuliwa na maji, likalala, likanyanyuliwa tena.

Alimwagia rejeta, akarudi kutega, akamwagia tena. Kisha ikabidi angoje. Kifuniko cha rejeta iliyochemka hakifunguliwi kwa pupa. Nikifor alikuwa na kovu shingoni la kuthibitisha hilo. Anesia alisimama na glovu mkononi, akihesabu sala badala ya dakika. Alipoona mvuke umekwisha, akakizungusha kifuniko kidogo, kikafoka, akakiachia, akakizungusha tena mpaka kikatoka. Maji yalikuwa yamepungua sana. Akawasha injini, akayajaza kwa matone ikiunguruma polepole, kwa maana mumewe aliwahi kuipasua moja kwa kuimwagia maji baridi yote kwa mkupuo.

"Shemeji," Evon aliita, sauti yake imepungua ubishi, "nasikia maji."

"Na mimi nayasikia."

Wakaondoka. Taa ilikuwa imezimika, na kwa kitambo Anesia aliona Pua la Sili likitokeza mbele, jeusi, likirushiwa povu. Akaanza kuomba kimoyomoyo. Hawakufika hata nusu ya njia iliyobaki. Taa ikawaka tena, nyekundu kama jicho la mlevi, na injini ikaanza kugonga.

Akasimama, akazima injini, akaiacha feni ikivuma. Mguu mmoja alipoushusha, ulikanyaga maji. Yalikuwa membamba, yamekuja kuonja tu, yakarudi. Lakini yalikuwa yamefika.

Alijaribu redio. Chini ya genge ilitoa mkwaruzo mtupu.

"Fungua tela," Evon alisema. Alikuwa amejiinua kwa viwiko, uso umekwisha damu. "Pikipiki ikiwa tupu itafika. Nenda ukaite watu."

"Na wewe?"

"Nitapanda pale." Akaonyesha kwa kidevu rundo la udongo ulioporomoka, limejitokeza mguuni pa genge kama kochi bovu.

"Utapanda kwa mguu upi?"

"Utanivuta."

Anesia aliliangalia rundo lile. Juu yake ufa mpya ulikuwa umejichora kwenye udongo, na wakati akiangalia, donge lenye ukubwa wa kondoo likatoka, likaanguka, likasambaa palepale Evon alipotaka kulala.

"Nenda, Anesia," Evon akasema. Hakumwita shemeji. "Sina utani."

Hili Anesia hakumsimulia mtu kwa muda mrefu: kwamba mkono wake ulikwenda mpaka kwenye pini ya tela, ukaishika. Aliona wazi jinsi ambavyo angefika kijijini peke yake, angepiga kelele, wanaume wangekimbia, na wangelikuta genge likiwa limesimama ndani ya maji. Akamwona mama mkwe wake dirishani. Akaiachia pini.

"Nikafike bila wewe nimwambie nini mama yako? Kwamba nimekusahau kama mwavuli?" akasema. "Lala chini. Acha nifikiri."

Akapiga magoti majini kando ya injini, akavua glovu. Gusa, alijiambia. Akagusa mpira wa juu wa rejeta, ukamchoma. Akagusa wa chini. Nao ulikuwa wa moto, si wa vuguvugu, wa moto. Kwa hiyo maji yalikuwa yakizunguka. Hapakuwa na mahali palipoziba, pampu ilikuwa nzima. Maji yalitoka kwenye injini yakiwa na moto wake, yakapita rejeta nzima, yakarudi na moto uleule. Rejeta haikuwa ikiyapunguzia kitu. Na tope amekwisha kulitoa. Basi kinachokosekana ni hewa. Lakini feni ilikuwa ikizunguka! Aliisikia ikivuma, na akiinama aliyaona mapanga yake yakipita kwa kasi.

Akaenda mbele ya pikipiki, akachuchumaa, mgongo ukiuelekea upepo na koti lake pana likiukinga, ili atazame rejeta kwa karibu. Na hapo, upepo ulipokwisha kuzuiwa na mgongo wake, kitu kikampumulia usoni. Pumzi ya moto, yenye harufu ya oili. Ilitoka ndani ya rejeta ikija mbele.

Alibaki hivyo, mdomo wazi. Feni ya pale hukaa nyuma ya rejeta ili iivute hewa ya mbele ipite ndani. Haitakiwi kumpumulia mtu usoni. Akachana kipande cha mfuko wa nailoni uliofungiwa mkate, akakiachia mbele ya wavu wa rejeta. Hakikunata. Kilirushwa, kikampiga kwenye shavu.

"Evon!"

"Nini?"

"Zile waya za feni, ulijuaje ipi inakwenda wapi?"

Wimbi likaja, likayafikia magurudumu, likanyonya mchanga chini yake.

"Zote zilikuwa nyeusi," Evon akasema.

"Uliunga kinyume! Feni inazunguka kinyumenyume! Inasukuma badala ya kuvuta!"

Sasa yote yakamjia kwa pamoja. Siku za kawaida, upepo ukiwa mtulivu, feni ile ilijitahidi vyovyote vile, ikapitisha hewa kidogo hivyo hivyo kinyumenyume. Lakini leo upepo wa kusini ulikuwa ukisukuma kutoka mbele, feni ikisukuma kutoka nyuma, na hewa imekwama katikati, haiendi huku wala kule. Rejeta ilikuwa imekaa mahali pasipo na pumzi.

Akazima swichi, akaingiza mkono nyuma ya rejeta, akaifuata tepu ya Evon kwa vidole. Ilikuwa pale, mnene kama bandeji ya mlevi. Akaikata kwa kisu cha samaki. Wimbi lingine likampiga mapajani, baridi ikapanda mpaka kwenye meno. Waya zilikuwa fupi, vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na kila alipozishika ziliteleza. Akazichuna kwa meno. Akaikamata ya kulia upande wa feni, akaisokota na ya kushoto upande wa pikipiki. Akaikamata ya kushoto, akaisokota na ya kulia. Tepu ilikuwa imelowa, haikunata. Akachana vipande viwili zaidi vya ule mfuko wa mkate, akakifungia kila kiungo chake peke yake ili visigusane, akavikaza kwa uzi wa wavu aliokuwa nao daima mfukoni, na fundo lilelile alilokuwa akifunga tangu utotoni.

"Shemeji!" Evon alipiga kelele. Tela lilikuwa limeanza kuyumba, maji yakiligonga ubavuni.

Akafungua swichi. Feni ikavuma. Akatoa kipande kilichobaki cha nailoni, akakipeleka mbele ya rejeta. Kikamponyoka. Kikaruka, kikajibandika kwenye wavu wa rejeta, kikatulia hapo kama mtu aliyefika kwake.

Anesia alikibandua, akasimama mbele ya ile taa nyekundu. Alitaka kuondoka papo hapo, mwili wote ulitaka. Lakini injini iliyokuwa ikigonga haiwashwi kabla joto halijashuka. Kwa hiyo akasimama majini na kungoja, ameshika usukani kwa mikono miwili pikipiki isije ikasukumwa, akimsikiliza Evon akisali kwa sauti ile ya kanisani aliyoiacha tangu mama yake alipoacha kumburuta huko. Wimbi likaja. Likaja jingine. Taa ikazimika.

Injini iliwaka kwa jaribio la kwanza. Magurudumu yalizunguka mchangani bila kwenda popote, yakazama, kisha yakapata kitu kigumu chini, na pikipiki ikaruka mbele ikilivuta tela kutoka kwenye shimo lake. Anesia alipanda juu karibu kabisa na genge, gurudumu la kushoto likikwaruza udongo. Hakutazama juu. Alitazama taa, akatazama mbele, akatazama taa tena. Ilibaki imezimika.

Pua la Sili lilikuwa tayari ndani ya maji. Mawimbi yalikuja, yakajaza nafasi yote kati ya mawe na genge, yakarudi nyuma na kuacha njia nyembamba yenye kung'aa, kisha yakaja tena. Anesia alisimama pembeni, injini ikiunguruma, akayasoma. Ghuba ile alikuwa ameitazama maisha yake yote.

"Shika sana!" akasema.

"Nishike nini? Umenifunga kama kitoto!"

Wimbi kubwa likavunjika, likaanza kurudi. Akaikaba akselereta mpaka mwisho. Waliingia kwenye maji yaliyofika ekseli, mawe yakiwarusha huku na huko, Evon akipiga yowe kila tela lilipodunda. Wimbi lililofuata liliwakuta wakiwa wanatoka. Lilipiga tela kwa nyuma, likaliinua, likalisukuma mbele mpaka likagonga pikipiki, na kwa ule mgongano wakatupwa kwenye mchanga mkavu wa upande wa pili.

Pasha na wanaume wawili walikuwa wanakuja mbio ufuoni. Walimkuta Anesia ameketi juu ya pikipiki, mikono imegoma kuachia usukani. Ikabidi Pasha amkunjue kidole kimoja kimoja.

Ndege ilitua ukungu ukiwa unaanza kushuka. Kabla hawajampakia, Evon alimshika Anesia kwenye ukingo wa koti.

"Shemeji, ukitaka kunipiga, nipige huu mguu mzima."

"Nitangoja uwe nayo yote miwili," Anesia akajibu. "Nataka ukimbie."

Mama yake Evon, kikongwe ambaye alikuwa amesimama kwa mkongojo hapo uwanjani akiwa na viatu vya ndani, alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga nacho Anesia ambaye alikuwa ameloa maji kila mahali, akalikaza fundo chini ya kidevu kama vile mkwe wake ni mtoto wa shule.

Mguu ulipona, ingawa madaktari waliweka chuma ndani yake na Evon hakurudi kijijini mpaka theluji ilipoanza. Walimwambia kwamba angechelewa zaidi kidogo wangeukata. Anesia hakungoja habari hizo akiwa amekaa. Maji yalipokupwa siku iliyofuata aliwasha pikipiki, akarudi kambini peke yake, akipita chini ya genge bila taa kuwaka hata mara moja. Moto wa banda la moshi ulikuwa umezimika tangu jana. Dubu alikuwa amekwisha kufika. Ubao mmoja wa ukuta ulikuwa umeng'olewa, na fito mbili za samaki zilikuwa zimeburutwa mpaka kwenye nyasi. Anesia alisimama mlangoni akanusa. Samaki waliobaki walikuwa wazuri bado. Akaupigilia ule ubao mahali pake, akakusanya kuni, akapiga magoti, akaanza kupuliza.